Bomba la Mwanamvua

Mwanangu Mwanamvua,

Shikamoo yako nimeshaipokea asubuhi ulipokuwa unafunga viatu, na marahaba nimekupa, kwa hiyo hapa sitayarudia. Wewe uko Chole unamuaga bibi yako. Mimi niko barazani na kalamu ya kuazima, jua la alasiri linanichoma bega, na nakuandikia kwa sababu kwa mdomo sitafika mwisho. Nikikuona uso nitaanza kufoka, nawe utaanza na ile "basi mama, basi mama" yako, na neno lenyewe litapotelea hapo. Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Isome leo, kabla hujalala, si kesho ukiwa uwanja wa ndege Kilindoni umezungukwa na mashangazi.

Sitakuambia uvae nguo nzito, wala uswali kwa wakati, wala usipokee kinywaji cha mtu usiyemjua. Hayo ameshakuambia kila mwanamke wa kijiji hiki, na wengi wao hata Dar es Salaam hawajafika, lakini baridi ya Ujerumani wanaijua kuliko Wajerumani. Shangazi yako kakuletea soksi za mpira wa miguu. Zipokee kwa mikono miwili, kisha ukifika Dar uzitupe.

Nina jambo moja tu. Jana tukila, ulimega tonge, ukalitazama kana kwamba lina maandishi, ukasema, "Mama, labda niahirishe mwaka mmoja. Nikiondoka sasa, mashine itawafia." Nilinyamaza. Wewe ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu mdomo ulijaa wali, na hasira zilijaa kuliko wali. Chuo cha huko Ujerumani kimekuita kwa jina lako, kwa ajili ya bomba ulilolichora wewe, na kimesema wazi kwamba nafasi ni ya mwaka huu, mwakani hakuna. Na wewe unataka kuiacha kwa ajili ya akina Shomari.

Basi tuanze na hao unaowaonea huruma.

Unakumbuka ilipoletwa ile mashine ya haidrojeni kwenye chumba cha baridi cha samaki? Kijiji kizima kilipata ujuzi kwa siku moja. Mchana paneli za jua zinapasua maji kuwa gesi, gesi inawekwa mitungini, na umeme ukikatika mashine inaila ile gesi na kutoa umeme wake, ili pweza na changu wa watu wasiharibike. Jambo jema kabisa. Mwenyekiti wetu wa kamati, Shomari, akasimama na kofia yake ya viua, akatangaza kwamba mashine "inakula hewa na kukojoa maji," watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo anatembea kama mtaalamu. Kitu pekee alichokuwa akikijua ni hicho alichoambiwa na dereva wa lori lililoileta.

Na yule injinia wa mradi, mwenye miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa kibarua wa kushika tochi tu wakati ule, na ulimuuliza kwa adabu, "Injinia, gesi haipashwi moto kabla ya kuingia?" Akacheka. "Dada, hapa Mafia. Hapa joto. Kipasha gesi cha nini?" Akafunga kile kidubwana chembamba cha mapezi ya bati, kinachopulizwa na hewa ya moto inayotoka kwenye mashine, ili ionekane tu kwamba kipo. Simwiti mjinga. Nadhani alijua. Ila kujua kungemlazimu arudi Dar kuleta kifaa kingine, na yeye alikuwa na tiketi ya ndege ya mchana.

Wewe ndiye uliyenieleza, tena kwa sufuria, maana unajua kwa hesabu hunipati. Ulisema ndani ya mashine mna joto na unyevu kama ndani ya sufuria ya wali unaotokota. Gesi ambayo haijatumika inazungushwa irudi tena, nayo imeshalowa. Ukiichanganya na gesi mpya iliyotoka mtungini alfajiri ya msimu wa kusi, kavu na baridi, unapata yale matone ya chini ya kifuniko. Matone yakiingia kwenye vijia vyembamba vya mashine, gesi inakosa pa kupita, na mashine inajizima yenyewe kabla haijaharibika. Joto la Mafia linamtosha mtu kutoka jasho, ulisema, lakini kwa mashine hilo ni baridi. Kinachodhuru ni tofauti ya gesi inayoingia na ile iliyomo. Nikaelewa. Nikaendelea kukuna nazi.

Kisha akaingia ami yako Mikidadi, ndugu wa marehemu baba yako, Mungu amrehemu baba yako na ampe Mikidadi akili. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuizindua mashine, na kwetu mgeni mkubwa akija lazima kila kitu kipakwe kitu. Ukuta unapakwa chokaa. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Mikidadi akatazama yale mapezi ya bati, akaona chumvi ya pwani itayala, na akafanya lile analolifanyia chombo chake akikipenda: akachukua ndoo ya sifa, yale mafuta ya ini la papa ya kupaka mbao za mashua, akayapaka mapezi yote, moja moja, kwa kitambaa na kidole. Kutwa nzima alifanya kazi hiyo. Alipomaliza yaling'aa, naye aling'aa kuliko yeyote.

Wageni wakafika. Mashine ikawashwa, hewa ya moto ikapita kwenye mafuta ya papa. Mgeni rasmi alisoma hotuba yake nzima ameziba pua kwa leso akijifanya ana mafua, na hakuna mtu hata mmoja aliyetamka neno, kwa sababu sisi hatumwaibishi mgeni wala hatumwaibishi aliyepaka. Tukanywa soda kwenye uvundo ule tukitabasamu. Baada ya hapo vumbi likaja likanasa kwenye mafuta, mapezi yakaziba, gesi ikawa inaingia baridi vilevile ilivyotoka mtungini, na mashine ikawa inajizima kila alfajiri. Samaki wa wavuvi wa dago, wale waliopiga kambi kule Ras Mkumbi, wakaoza ndani ya chumba kinachoitwa cha baridi.

Lawama zikaenda wapi? Kwa injinia? Ameshapanda ndege. Kwa Mikidadi? Maskini, alikuwa na nia njema. Zikaja mlangoni kwangu. Tangu mtoto wa kike aanze kuingia mle, walisema, mashine imeingia mkosi. Shomari alikuja mwenyewe, akakaa hapa hapa nilipokaa, akala vitumbua vyangu, akaniambia nikuzuie, gesi si mambo ya wanawake. Alikula vingi. Hao ndio unaotaka kuwaachia mwaka wako.

Wewe hukubishana nao, na hilo nililipenda. Ulikwenda Kilindoni ukatafuta mabomba ya chuma kisichoshika kutu. La kwanza ulilitia ndani ya jingine ukaacha nafasi kubwa kati yao, maji ya moto ya mashine yakawa yanapita upande mmoja kivivu na gesi haikupata joto. La pili lilivuja kwenye uchomeleaji; ulipakaa povu la sabuni, likatoa mapovu kila mahali, ukakaa chini mchangani ukalia, nami nikajifanya natafuta kuku. La tatu ulibana ile nafasi, ukalizungushia bomba la ndani waya ili maji yawe yanalizunguka badala ya kukimbia moja kwa moja. Gesi ukaipitisha ndani ikienda huku, na maji ya kisima yaliyotoka kuipoza mashine, yenye moto wake, ukayapitisha nje yakija kutoka kule, vipishane, ili gesi inapotoka ikutane na maji ndiyo kwanza yanaingia na joto lao lote. Mashine ikalala imewaka, ikaamka imewaka. Mimi nilikuambia, "Haya, njoo ule." Nilijivuna hata nikashindwa kula, lakini sikukuambia, kwa sababu hapa ukimsifu mtoto mchana, jioni majirani wameshamwombea homa.

Na wao? Wakageuza ulimi siku hiyo hiyo. Mkosi ukaisha. Ukawa "injinia wetu." Ukawa "mwanetu." Shomari akaanza kukupa mkono. Wakija mbio mlangoni mwangu usiku na mchana, "Mwanamvua yupo? Mwanamvua yupo?" utadhani wanamtafuta mkunga.

Sasa nifike kwako, maana usidhani utatoka kwenye barua hii ukiwa umevaa nyeupe.

Maji yetu ya kisima yana chokaa. Kisiwa kizima kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, kila birika la kijiji hiki lina ukoko mweupe ndani, na bomba lako halikusamehewa. Ukoko ukishika, joto halipenyi, gesi inaingia baridi, mashine inazima. Dawa yake ni kuliosha kwa maji ya ndimu, ukoko unachemka na kuachia. Kazi hiyo inaweza kufanywa na yeyote mwenye mikono. Nani anaifanya? Wewe peke yako. Nani anaruhusiwa kushika ile mipira ya maji? Wewe. Mikidadi akisogea unamwambia, "Ami, tafadhali, utaharibu." Kopo la ndimu ya unga ulilonunua Dar unalificha chini ya kitanda chako, nyuma ya viatu, na unafikiri mimi ninapofagia nafumba macho.

Nilikuona unavyotembea wakija kukuita. Unachelewa kidogo kutoka. Unamaliza chai kwanza. Kisha unatangulia mbele nao wanakufuata, na Shomari mzima amekubebea ndoo. Mtu anayehitajiwa ana mwendo wake, mwanangu, na mimi naujua kwa sababu niliutembea kabla yako, na ukanifikisha hapa barazani.

Unaijua habari ya chuo cha ualimu, umeisikia kwa shangazi zako ikiwa imetiwa sukari: mama yako alikuwa na moyo wa huruma, akaacha masomo amtunze mama mkwe. Uongo mtupu. Nilichaguliwa, ndiyo, na bibi yako miguu ilikuwa inamuuma, ndiyo. Lakini kilichonizuia ni mkate wa kumimina. Bibi yako alisema mbele ya watu kwamba hali mkate wa mtu mwingine ila wangu, na mimi bwege nikaona nimevishwa taji. Nikawa nakoroga unga na tui nikiwa nimempa mgongo wifi yangu, asione hamira ni kiasi gani. Alipouliza nilimwambia, "Ni mkono tu, wifi." Baba yako aliniambia, "Nenda, mama tutamtunza." Alikuwa na sauti ndogo baba yako, na mimi nilikuwa natafuta sauti kubwa ya kunizuia, nikaipata kwa mama yake.

Nikabaki. Nikawa mtu wa lazima. Kisha mimba yako ikanisumbua, nikalazwa Kilindoni wiki kwa wiki, na muda wote ule nilikuwa nalia kitandani nikisema mama mkwe wangu atakufa njaa. Niliporudi Chole nilimkuta amenenepa. Wifi alikuwa anapika mkate. Niliuonja nikiwa tayari kuudharau, na Mungu ni shahidi, ulikuwa laini kuliko wangu. Bibi yako akanitazama akasema, "Ah, umerudi?" Basi. Hayo ndiyo malipo yote niliyopata. Nafasi yangu chuoni ilikuwa imeshajazwa na msichana mwingine, ambaye sijui jina lake na nimemchukia maisha yangu yote bila sababu. Leo umeshinda kwa bibi yako: kumbuka alivyokuwa anatafuna.

Simlaumu bibi yako. Nampa shikamoo yake kila Ijumaa. Ninayemdharau ni yule mwanamwali aliyekuwa anakoroga unga kwa mgongo, akifikiri kuficha hamira ndiyo kupendwa.

Sasa nikuambie kilichotokea leo, maana ukirudi hawatakuambia ukweli.

Umeme umekatika tangu asubuhi. Mashine ikashika kazi, ikafanya kidogo, na baada ya adhuhuri ikajizima. Wiki hii umekuwa ukizungushwa kuagwa nyumba kwa nyumba, bomba hujaliosha, chokaa imeshika. Nilikuwa naanua nguo nikawasikia wanakuja, Shomari mbele, Mikidadi nyuma yake, na nusu ya kamati.

"Hodi, Mama Mwanamvua!"

"Karibuni. Mnakimbizwa na nini?"

"Mpigie mtoto arudi upesi, mashine imekufa," akasema Shomari. "Pweza wa watu wamo ndani!"

"Simu yangu haina salio."

Salio lilikuwemo, Mungu anisamehe.

"Chukua yangu."

"Namba yake siijui kwa kichwa."

"Mama mzazi hujui namba ya mwanao?"

"Na wewe mwenyekiti mzima hujui mashine yako?"

Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Mikidadi akasema polepole, "Shemeji, sasa tutafanyaje?"

"Mtaliosha."

"Sisi?"

"Kwani mimi naona nani hapa? Kesho mtoto anapanda ndege. Mtamfuata na ndoo?"

"Itatulipukia," akasema Shomari. "Ile ni gesi, mama. Ile si birika."

Hapo ndipo Mikidadi aliponishangaza. Alisema, "Haitulipukii tukifunga mtungi kwanza." Akalisema kwa sauti yako, mwanangu, na pua juu kama wewe. Wote wakacheka, kwa sababu wote wanaijua. Umewapigia kelele hiyo kila siku: fungeni mtungi kwanza, toeni gesi iliyobaki, subirini, sigara nje. Watoto wa kijiji hiki wanaiimba wakicheza kombolela. Uliwafukuza wasijifunze, lakini kwa vile unapiga kelele, wakajifunza.

Nikawafuata, nikageuza kreti la soda, nikakaa. Mikidadi akafunga mtungi, akaitoa gesi iliyobaki nje, akangoja. Shomari akafukuzwa na sigara yake hadi kwenye minazi. Aliporudi akauliza, "Dawa ya kuoshea iko wapi?" Wakanitazama mimi. Kopo lako lilikuwa chini ya kitanda, hatua chache tu, na sikulitaja. Kama dawa inatoka kwako, basi wewe ndiye dawa, na kesho watakuwa hapa hapa wanalia. Nikawaambia, "Ndimu hazioti Mafia siku hizi?"

Laiti ungewaona. Kamati nzima ilisambaa kwenye viwanja vya watu kuchuma ndimu. Mwenyekiti Shomari, na kofia yake ya viua, alikaa chini akakamua ndimu kwenye ndoo hadi vidole vikamwasha, na kila alipokunja uso nilimwambia, "Kamua mwenyekiti, gesi si mambo ya wanawake." Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi hivyo. Wakafungua mipira ya maji, wakamimina ile ndimu bombani, ikatoa povu, wakaruka nyuma wote wakidhani ndiyo mlipuko. Nikacheka mpaka mtandio ukaanguka. Povu lilipotulia wakasukuma maji safi, na ukoko ukatoka vipande vipande, mweupe, mwingi. Ulikuwa umelitelekeza bomba lako, Mwanamvua.

Kisha wakarudishia mipira, wakawasha. Mashine ikaanza, ikanguruma kidogo, taa nyekundu ikawaka. Kipimo cha joto cha gesi kilipanda kidogo tu, kikagoma. Ikazima tena.

"Basi," akasema Shomari, na nikaona kabisa amefurahi. "Nilisema mimi. Mpigieni mtoto."

Na hapo, mwanangu, nitakuambia kweli, mkono wangu uliingia kwenye pindo la kanga nilikofunga simu. Nilifikiri: basi, kweli wanamhitaji, hakuna namna. Nilikuwa tayari kukuharibia kwa kidole kimoja, mimi huyu ninayejifanya mkali.

Mikidadi akasema, "Ngojeni." Akaweka kiganja mwanzo wa bomba. Akakiweka mwisho. Akarudia tena, akiwa amefumba macho kama anayepapasa papai sokoni. Akarudia mara ya tatu, nikataka kumpiga.

"Vinakwenda pamoja," akasema. "Maji na gesi, vyote vinakwenda huku. Mwanamvua huwa anataka vipishane."

Walikuwa wamefunga mipira kinyumenyume. Wakafunga mtungi tena, wakaibadilisha, wakawasha. Kipimo kikapanda, kikapanda, kikakaa pale unapokipendea wewe. Taa nyekundu haikuwaka. Tulisimama tukiisikiliza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Usije ukadhani wamekuwa watu. Mashine haijashika moto vizuri, Mikidadi ameniuliza kama sasa anaweza kulipaka bomba sifa kidogo, kwa nje tu, lisipate chumvi. Nimemwambia akithubutu nitampaka yeye. Na Shomari, wakati naondoka, alikuwa anamweleza mtu kwenye simu jinsi alivyoliosha bomba la gesi kwa mkono wake mwenyewe. Ukirudi leo watakuambia mashine haikuzima kabisa. Usiwaulize, waache nalo.

Lakini ile sababu yako ya jana imekufa leo mchana, na nimeiona ikifa. Mashine inafanya kazi. Wameiwasha wao, wale wale, bila wewe na bila kopo lako. Wataiosha vibaya. Wataifunga kinyume tena, watabishana, watachelewa, na siku nyingine pweza wataoza. Pweza wameoza Mafia tangu enzi na enzi, na watu wakaendelea kuoana.

Huko unakokwenda utakutana na akina Shomari wa kule, wamevaa makoti. Watakukimbilia pia, kwa sababu una kichwa, nawe utaanza kumaliza chai kwanza. Ukijiona unachelewa kutoka ili wakungoje, nikumbuke mimi na hamira yangu. Anayesimama karibu nawe mwonyeshe, hata kama ni bwege, hata kama ananuka mafuta ya papa. Na unapochora hayo mabomba yako mapya, ambayo watayapima kwa mashine za fedha nyingi, ulichore kila moja ukijua kwamba siku moja litaoshwa na mtu kama ami yako. Tia alama mipira ipi iende wapi. Tengeneza vichwa vya mipira kila kimoja na umbo lake, visiingiliane hata mtu akitaka kwa nguvu. Injinia wa miwani alichora kitu cha kuonyeshwa wageni, na wewe hapa ulichora kitu cha kuoshwa na wewe. Nyote wawili hamkumfikiria Mikidadi.

Kopo la ndimu ya unga nimelitoa chini ya kitanda na kesho nitampa yeye. Usinililie kuhusu hilo.

Nimebakiza neno moja, na nimezunguka mashine yote na kijiji chote nikilikwepa. Leo nimekuthibitishia kwamba hakuna mtu hapa ambaye hawezi kuishi bila wewe, na nimefanya hivyo kwa raha, kwa sababu nilitaka njia yako iwe tupu. Lakini sikujihesabu. Nyumba hii itakuwa kimya. Nitapika wali wa watu wawili kwa mazoea, na nusu nitampa paka. Hakuna atakayenieleza jambo kwa sufuria. Nakuhitaji, Mwanamvua, kuliko kamati yote na samaki wake wote, na hakuna wa kunikamulia ndimu nikaacha kukuhitaji. Nakuandikia mwenyewe usije ukalisikia kwa shangazi zako ukageuka njiani. Hiyo nayo si sababu ya kubaki. Panda ndege.

Ni mimi, mama yako.